Maneno ya Mlangoni mwa Kanisa

Kuna sinema moja ya mapenzi ambayo stesheni fulani ya televisheni hairuhusu likizo ya Desemba ipite bila kuionyesha. Haikutengenezewa kumbi za sinema. Ilitengenezewa watu walioketi nyumbani wakisubiri chakula kiive, na inaonekana hivyo. Mvulana na msichana wamekua nyumba kwa nyumba katika mji wenye theluji, marafiki wa chanda na pete. Msichana anaposwa na mwanamume mwingine mwenye gari zuri, na ni hapo tu mvulana anapogundua kwamba miaka yote hiyo alikuwa akimpenda. Anakimbia kwenye theluji bila koti, anafika mlangoni mwa kanisa, anasema maneno fulani, na harusi inavunjika huku kila mtu akipiga makofi, hata bwana harusi aliyeachwa. Naichukia sinema hiyo. Naijua pia kuliko ninavyojua Sala ya Bwana.

Nilianza kuitazama Makina, mtaa wa Kibera jijini Nairobi, nikiwa msichana mdogo. Mama yangu alitoka Kitui akaanzia maisha Gatwekera, humo humo Kibera, katika chumba cha udongo na mabati, akiwafulia watu nguo katika ghorofa za Nyayo Highrise. Mvua ilipoangusha ukuta mmoja tulihamia Makina, kwenye ploti ya bibi mmoja Mnubi. Wapangaji wote tulimwita haboba, kama Wanubi wanavyowaita nyanya zao. Alikuwa na mjukuu wa kiume wa rika langu aliyeachiwa amlee. Mama alikuwa akiondoka alfajiri, kwa hiyo mimi pia nililelewa na haboba. Tulikula gurusa, ile mikate myembamba ya Kinubi, kutoka sinia moja, tukaogeshwa kwenye karai moja mpaka tukawa wakubwa wa kuona haya, na jioni tuliketi kwenye ngazi ya nyuma tukichagua madirisha ya Highrise tutakayokuja kuishi. Yeye alichagua la juu kabisa. Mimi nilichagua la chini yake, ili akipiga mguu sakafuni nisikie.

Haboba alikuwa na sheria nyingi, na moja haikuwa na mjadala. Adhana ikianza, ploti nzima ilinyamaza. Redio ilizimwa, televisheni ilitolewa sauti, aliyekuwa akipepeta mchele alituliza ungo mapajani. Mama, ambaye ni mtu wa kanisa, alitii kama mpangaji anavyomtii mwenye nyumba. Mimi nilitii kwa sababu sikujua kuna watu wanaoendelea kuongea.

Sinema ile ilionyeshwa jioni, na jua la Nairobi halina tabia ya kuhamahama. Mwaka mzima linatua karibu saa ile ile. Basi kila Desemba, yule kijana alipofika mlangoni mwa kanisa akihema, adhana ya magharibi ilianza, na haboba akanyoosha mkono akaondoa sauti. Tuliona midomo yake ikienda. Tuliona msichana akilia. Sauti iliporudi walikuwa washakumbatiana na majina ya waigizaji yanapita. Kwa hiyo katika utoto wetu wote hatukuwahi kusikia alichosema.

Tuliyajaza maneno hayo wenyewe. Mimi nilimtungia mambo mazito, ya moyo na milele. Rafiki yangu aliweka mkono kifuani, akatazama mbinguni na kusema, "Samahani nimechelewa, kulikuwa na matope." Haboba alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini tulipomuuliza rafiki yangu kama kijana yule alifanya vizuri, hakuwa na mzaha. Alisema hapana. Alisema mtu akitaka kusema aseme mapema, si kuja kuvunja shughuli.

"Na watu washapika," alisema. "Hiyo pilau yote itaenda wapi?"

Niligundua kuwa nampenda mwaka ule niliomaliza kujifunza ushonaji. Yeye alikuwa akitengeneza simu kwenye kibanda karibu na shule ya Olympic, na kila jioni alinipitia tukarudi nyumbani pamoja. Akaenda Mombasa kwa shughuli ya jamaa zake. Siku alizokosekana nilishona mkono wa kushoto upande wa kulia, nikafumua, nikarudia kosa lile lile. Mwenye kibanda cha ushonaji nilichofanyia kazi akaniuliza kama nina malaria. Sikuwa na malaria. Nilimpenda, na nayaandika haya waziwazi kwa sababu kwa mdomo sijawahi kuyasema.

Ningeyasema kwa nani? Majirani walituita ndugu. Mimi nilikuwa binti wa kanisa, yeye mtoto wa msikiti, na juu ya yote alikuwako haboba. Nilimwona kama mlango wenye kufuli. Nilijiambia kwamba mwanamke aliyenifungulia nyumba yake hawezi kulipwa kwa kuchukuliwa mjukuu. Nikangoja rafiki yangu aanze yeye. Katika mambo mengine yote yeye ndiye aliyetangulia, kuanzia kuogelea kwenye bwawa mpaka kuonja sigara.

Badala yake akaja fundi wa makochi kutoka Kawangware, Mkamba wa Machakos, kushonesha foronya za viti. Alikuwa mcheshi, mkarimu, hana makuu. Alirudi na foronya nyingine ambazo, nilikuja kujua baadaye, hakuna mteja aliyeziagiza. Mama alimpenda kabla hajamaliza chai. Nilipomwambia rafiki yangu kwamba mtu huyo anataka kuleta wazee, nilimtazama usoni kama mtu anayetazama sufuria ya maziwa. Akasema, "Huyo ni msee poa. Hatakusumbua."

Nilikasirika hivi kwamba sikumsemesha kwa siku kadhaa, naye wala hakuuliza kwa nini. Katika hasira hiyo nikamwambia fundi alete wazee wake.

Kwetu Wakamba kuna ntheo. Mwanamume huleta mbuzi kwa kina msichana, wakachinjwa na kuliwa, na wakishaliwa msichana huyo hawezi kuposwa na mwingine. Ntheo hufanyiwa nyumbani, lakini shamba la Kitui wajomba walikuwa wamelichukua kitambo na mama hakuwa na uwanja wa kupokelea wageni. Haboba akasema uwanja upo, ni huu. Alitoa sharti moja tu, kwamba mbuzi wachinjwe na Mwislamu, ili kila aliyekuwa kwenye ploti ale. Mwislamu huyo angekuwa mjukuu wake.

Siku moja kabla ya shughuli nilimkuta uani akifunga turubai. Nilimshikia ngazi.

"Uko na neno?" nikamuuliza.

"Neno gani?"

"Lolote. Kabla ya kesho."

Alivuta fundo lililokuwa limeshakaza.

"Hii turubai itavuja ikinyesha," akasema.

Haikunyesha. Wageni walifika kutoka Kawangware wakiimba, mbuzi wakiwa mbele. Siku hizi kuna mchezo ambao kila kabila limeuiga: bibi harusi na wasichana wengine wanafunikwa leso kuanzia kichwani mpaka miguuni, wanapangwa mstari, na bwana harusi anatakiwa kumtambua wake bila kumgusa. Akikosea anapigwa faini na kuchekwa. Shangazi zangu waliichukulia kazi hiyo kwa bidii. Walinibadilisha viatu, wakamvalisha msichana mfupi kisigino, wakaniambia nikunje magoti. Na mjomba aliyekuwa msemaji wetu akatangaza kwamba kijana akikosa mara ya tatu atarudi kwao na mbuzi wake, aje siku nyingine akiwa amejifunza.

Watu walicheka. Chini ya leso mimi sikucheka. Nilikuwa nimeona mlango mdogo pale. Siku nyingine ilikuwa muda, na muda ndio kitu pekee nilichokuwa nahitaji. Nilijikunja, nikajifanya mtu mwingine kabisa, na nikamwomba Mungu, Mungu aliyekuwa karibu zaidi, kwamba fundi wa makochi asinijue.

Hakunijua. Niliona viatu vyake vyeusi vikipita chini ya upindo wa leso, vikisita, vikiendelea. Alimchagua binamu yangu. Kelele, faini. Akarudi mwanzo wa mstari, akamchagua yule mfupi wa kisigino. Kelele zaidi. Wasichana walikuwa wanatikisika kwa kicheko kulia na kushoto kwangu.

Ndipo adhana ya alasiri ikaanza.

Uwanja mzima ulikuwa na wageni, na wageni hawakujua sheria ya nyumba. Waliendelea kupiga vigelegele. Wasichana wale waliletwa kutoka Kitui na Kawangware, nao wakaendelea kuchekana na kusukumana. Mimi nilinyamaza. Sikuamua kunyamaza; mwili ulifanya wenyewe, magoti yakanyooka, kichwa kikainama.

Adhana ilipokwisha mjomba wa bwana harusi, mtu wa mizaha, akasema kwa sauti kubwa, "Jameni, hakuna mtu wa boma hili atatuonea huruma? Wewe wa kisu, si umekua naye? Tusaidie kijana."

Shangazi zangu wakapinga kwa kelele, ndiyo sehemu yao. Kisha nikaona kandambili ninazozijua, zile za bluu zilizoshonwa kwa waya, zikija. Hazikusita kwa binamu yangu, hazikusita kwa yule mfupi. Zilisimama mbele yangu. Tulikuwa karibu hivi kwamba niliisikia pumzi yake. Angeweza kunyoosha kidole kwa yeyote katika mstari ule na siku ingeisha hapo.

"Huyu," akasema.

Leso ilipoondolewa, aliyesimama mbele yangu alikuwa fundi, akicheka kwa furaha ya kweli, na rafiki yangu alikuwa ameshatupa mgongo, anaelekea walikofungwa mbuzi. Aliwachinja vizuri, kuelekea kibla, bila kuwatesa. Niliila ile nyama kwa sababu kila mtu alikuwa ananitazama.

Nimekaa Kawangware tangu hapo. Mume wangu ni mtu mwema, na sitaki yeyote anayesoma haya amfikirie vibaya. Makochi yake yako kando ya barabara, cherehani yangu iko nyuma ya makochi, tuna watoto wawili wanaopigana kama paka. Rafiki yangu naye alioa, Mnubi mwenzake, mwanamke mpole anayenipakulia chakula kingi nikienda Makina. Watoto wao huniita shangazi.

Haboba alipofariki nilikwenda kusaidia kupika. Baada ya wageni kupungua tuliketi kwenye ile ngazi ya nyuma, mimi na yeye, tukitazama taa za Highrise zikianza kuwaka. Tulikuwa tumelia mchana kutwa na hatukuwa na aibu iliyobaki. Nikamuuliza.

"Siku ya ntheo ulinijua aje?"

Hakujifanya hakumbuki. "Wote walikuwa wanacheka wakati wa adhana," akasema. "Wewe ukainamisha kichwa."

"Mbona ukasema?"

"Si watu walikuwa washapika."

Akaendelea, huku akiviangalia vidole vyake. Alisema jioni ile, wageni walipoondoka, haboba alimwita ndani akafunga mlango. Alifikiri anakwenda kushukuriwa kwa kuchinja vizuri. Haboba alikuwa analia.

"Aliniambia, mtoto yule nimemlea kwa ajili ya nyumba hii, nimemfundisha kila sheria yake, nikawa nangoja wewe ufungue mdomo. Leo umeufungua, ukampa mtu."

Mke wake akatuita tule. Tukainuka.

Desemba iliyopita sinema ilionyeshwa tena. Mume wangu alikuwa ameketi kwenye kochi lake mwenyewe, mguu juu, watoto mapajani, naye huipenda sinema hiyo kwa moyo wote. Huwa anamkemea kijana wa theluji kana kwamba anamsikia. "Mjinga wewe, ungesema mapema," alimwambia, kisha akawaeleza watoto, kwa mara nyingine tena, jinsi yeye alivyomkosa mama yao chini ya leso mara mbili mpaka akaonyeshwa. Walicheka. Nami nikacheka, maana anaisimulia vizuri.

Kijana akafika mlangoni mwa kanisa. Akashika fremu ya mlango, akavuta pumzi, na ng'ambo ya barabara yetu, kutoka msikiti wa Kawangware, adhana ya magharibi ikaanza. Rimoti, ambayo miaka mingine hushikwa na mume wangu, ilikuwa mkononi mwangu, nikaondoa sauti. Niliona tu midomo ya kijana ikienda.

"Aa, mama, rudisha sauti," mume wangu akasema. "Si hapo ndipo anasema?"

"Ngoja adhana iishe."

Alinigeukia, akashangaa kwa dhati, kama mtu aliyeambiwa jambo geni kuhusu nyumba yake.

"Tangu lini wewe hungoja adhana?" akaniuliza.