Siku Plamsi Zilipomwagwa Barabarani

Enzi zetu, sisi tuliokulia Mgeta, Jumamosi hatukuamshwa na jogoo, tuliamshwa na honi ya lori. Najua kidato cha tatu si umri wa kusema "enzi zetu". Lakini nikiwaona wadogo zangu hapa mjini Mafiga wanakula plamsi za kununua, tena wanazimenya kwa kisu, najiona bibi kabisa.

Msimu wa plamsi uliangukia karibu na Krismasi, na mlima mzima ulinukia utamu. Tulipanda mitini magauni tumeyafunga kiunoni, tukala mpaka meno yakafa ganzi, halafu jioni matumbo yakaunguruma katikati ya rozari na kila mtu akamtazama mwenzake. Tuliteleza mteremkoni kwa makalio juu ya magome ya migomba. Na ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Wakubwa walitusimulia walivyopanga foleni ya sabuni, sisi tukawaona waongo, maana duka la njia panda lilikuwa limejaa mitumba, raba za rangi, na redio kaseti moja kubwa ya kung'aa. Baba yangu kila akipita hapo alisimama mbele yake kimya, kama yuko kwenye Njia ya Msalaba.

Baba alikuwa mwalimu wa dini. Padri alipanda kigangoni kwetu, kanisa letu dogo la mlimani, mara moja kwa mwezi, Jumapili nyingine zote baba ndiye aliyeongoza sala, na watu walimwita Mwalimu Polikarpi. Ila miti ya plamsi haikuwa yake. Kwetu Waluguru shamba linafuata ukoo wa mama, kwa hiyo miti ilikuwa ya mama na kaka yake, Mjomba Dionisi. Baba pale alikuwa mkwe tu. Kila ukoo ulifunga alama yake kwenye tenga la matunda ya kuuza. Ya kwetu ilikuwa kipande cha kanga nyekundu.

Kupanga tenga kulikuwa kazi ya mama. Alitandika majani laini ya porini chini na pembeni ili matunda yasichubuke, akamimina plamsi, akafunika kwa majani mengine, kisha akashona mdomo kwa kamba ya mgomba. Likishashonwa halifunguliwi mpaka Dar. Mnunuzi anatazama alama, analipa, linapanda lori.

Hapo ndipo ujanja ulipopenya. Watu waligundua majani yanaweza kuwekwa na katikati, fundo kubwa kabisa, plamsi zikazunguka tu. Tenga la namna hiyo sisi watoto tuliliita tenga lenye mimba. "La kwenu lina miezi mingapi?" tulitaniana njiani. Mama hakutaka hata kulisikia. Tukimlalamikia kwamba wenzetu wameshanunuliwa raba, alijibu kamba ikiwa bado mdomoni: "Anayekula hilo tunda huko Dar naye ana watoto. Niletee majani ya pembeni, acha maneno."

Basi Jumamosi moja mama alikuwa ameshona matenga mawili. Baba akayateremsha alfajiri, moja moja, mpaka lori linaposimama. Sisi na mama tukafuata jua lilipotoka. Tulipofika, kanga nyekundu ilikuwa kwenye matenga matatu.

"Baba Emi, hili la tatu limetoka wapi?" mama aliuliza, akimwita kwa jina langu kama kawaida.

"Nimechuma kule bondeni. Zile zilizochelewa kuiva."

Mama akalitazama tu.

Mnunuzi wetu alikuwa Mama Zuhura wa Dar, mwanamke wa mwili na sauti, ambaye siku zote alishuka na pipi na utani. Siku hiyo alishuka na kisu. Tukamwamkia.

"Shikamoo zenu leo kaeni nazo," alisema. "Juzi nimetukanwa sokoni mpaka marehemu mama yangu katajwa. Nafuga mbuzi mimi, hata mniuzie majani? Leo kila tenga linamwagwa. Nikikuta lina majani katikati, ukoo huo sinunui tena. Nimemaliza."

Sijawahi kuona mambo kama yale. Tenga la kwanza likakatwa kamba, likapinduliwa, na plamsi zikaanza kuteremka barabarani kama watoto wanaotoka shule. La pili likafuata. Mbuzi wakakimbia, akina mama wakafungua kanga wazizuie, sisi tukazifukuza mteremkoni tunakula huku tunaokota, na majani yamejaa barabara nzima kama Jumapili ya Matawi. Nilicheka mpaka nikakaa chini, mimi ambaye hata darasani sauti yangu haifiki dawati la pili.

Mama alikuwa hacheki. Alisogeza tenga lake mbele mwenyewe. "Mwaga na langu, Mama Zuhura. Watu waone."

"Mama Emi, subiri kwanza," baba alisema. Lakini kisu kilishapita.

Likatoka fundo la majani kubwa kama kichwa cha ng'ombe.

Kicheko kilinikauka. Watu wote walimtazama mama, maana kila mtu alijua matenga yetu hushona yeye. Mjomba Dionisi akaokota ile kanga nyekundu, akauliza taratibu, "Dada, hapa umeshona wewe au hukushona wewe?" Mama aliinama akayagusa yale majani. Mama Zuhura naye alimwangalia kwa uchungu zaidi kuliko hasira, maana la kwetu ndilo tenga alilokuwa akilisifia.

Mimi nilimtazama baba. Ilitosha anyamaze tu. Kesho yake angesimama mbele ya kigango kama kawaida, na lawama ingebaki kwa mama na ukoo wake, na hakuna ambaye angejua. Nikaanza Salamu Maria moyoni, sijui hata nilikuwa naomba nini.

"Mke wangu msimtazame," baba alisema. "Yeye alishona matenga mawili, yamejaa mpaka juu. Nimeyafumua mimi njiani, nikatoa plamsi za katikati, nikajaza majani, nikashona upya, nikapata hilo la tatu. Na bondeni sikuchuma kitu. Hapo pia nimemdanganya."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Kumbe mwalimu naye anatia mimba matenga," na watu wakaangua kicheko. Baba hakuinua uso. Alipiga magoti palepale barabarani, akaanza kuokota plamsi.

Mama Zuhura alikaa juu ya tairi la akiba, akafuta kisu chake. Kisha akasema, "Nyote jazeni upya. Kuanzia leo mtashona hapahapa, macho yangu yanaona. Na wewe mwalimu, ahsante kwa kumwokoa mwenzio." Lori liliondoka saa nane, nusu tupu.

Jumapili baba hakupanda mbele. Aliwaambia wazee wa kigango sababu, ingawa mlima mzima ulishaijua, akakaa benchi la mwisho pamoja na vijana wanaochelewa. Mama hakusema naye kitu mpaka Jumanne, alipomwita wakashone pamoja. Wazee walikuja kumrudisha baba mbele baada ya Pasaka. Nakumbuka alivyosoma ile amri ya nane, usiseme uongo, siku hiyo, polepole, bila kututolea macho kama zamani, na hakuna mtoto aliyechezea kiatu chake.

Siku hizi niko mjini, nasoma na watoto wa watu wenye televisheni. Ni wacheshi kuliko sisi, wanajua nyimbo nyingi kuliko sisi. Juzi mwalimu alikuta vikaratasi vya majibu chini ya madawati wakati wa mtihani. Akauliza ni vya nani. Aliyeviandika tunamjua wote, anaimba kwaya moja na mimi. Alitazama dirishani mpaka akaadhibiwa msichana wa pembeni yake, na wakati wa mapumziko wenzangu wakampongeza kwamba ana roho ngumu.

Nilitamani kuwaambia kwamba nimeshaona roho ngumu, na haikuwa ile. Aibu zangu zikanishinda. Nikaenda kukaa na yule msichana, mikono yake bado imevimba, nikamgawia muhogo wangu. Akaniuliza kwa nini naangalia sana nje. Nikamwambia naangalia milima, kule juu plamsi zitakuwa zimeiva.