Siku Zulfa Alipowaingiza Wanaume Kundini

Iko alasiri moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka naiona kama inatokea sasa hivi. Nilikuwa nimekaa sakafuni chumbani kwangu, hapa Amu, kisiwani Lamu, nimemaliza kujichora piko nyeusi mkono wa kushoto, nangoja ikauke niupige picha. Simu ikalia. Ikalia tena. Ikawa hainyamazi. Nikafikiri pana msiba. Kumbe msiba wenyewe ni mimi.

Ngoja nianze mwanzo, maana mimi sikusoma sana, nikiruka jambo nitalisahau.

Naitwa Salma. Nimezaliwa Siyu, katika nyumba ya washona viatu vya ngozi. Nilipozaliwa walinitazama wakasema ni mwanamume, wakanipa jina la kiume ambalo sitaliandika hapa, kwa kuwa si langu. Tangu nipate akili zangu nimejijua mwanamke. Sikufundishwa na mtu, wala sikuona kwenye sinema. Siyu ile ya utoto wangu sinema ilikuwa wapi? Nilijua tu, kama wewe unavyojua kuwa una njaa. Baba alinipiga, akanipeleka kwa waganga, akanipiga tena. Kovu la kidole gumba hiki nililipata kwenye kisu cha kukatia ngozi. Alinikalisha kazini kwa nguvu, na macho yangu yalikuwa uani, kwa wanawake waliokuwa wakimpaka bi arusi hina. Binamu yangu Athmani alikuwepo, akaiona damu, akacheka. Mkumbuke huyo Athmani.

Nilipokuwa kijana nikaondoka. Nimeosha vyombo vya watu Mombasa miaka na miaka. Nikarudi Amu mtu mzima, nimevaa buibui langu na ninja yangu ya kufunika uso, nikapanga chumba, nikaishi. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikumpa mtu taabu.

Sasa Zulfa. Mimi nataja majina, na asiyetaka kutajwa angefanya mema. Zulfa ndiye aliyefungua kundi la simu la wanawake wapendao hina na piko, wa Amu, wa Siyu, wa Matondoni, na wale walioolewa mbali wakabaki na hamu ya kwao. Akaliita Mikono ya Hina. Sharti lake moja: mwanamume haingii. Na unawajua wanawake wa kwetu. Nje huoni kitu ila macho. Lakini mle kundini walijiachia kama walioko ukumbini siku ya arusi, ambapo mlango umefungwa na mabuibui yametundikwa. Wakituma picha nywele wazi, mtu na dera lake, mwingine ameinua mguu ionekane piko hadi gotini.

Mimi nilituma mkono wangu tu, na michoro. Wakaipenda. Bi arusi wengi wa visiwa hivi wamechorwa michoro yangu bila kuijua sura yangu. Na wallahi mimi ndiye niliyekuwa nikiwakumbusha wasichana: "Kata picha, mwanangu, tuuone mkono. Uso baki nao wewe." Wakinicheka: "Bi Salma, nawe umekuwa askari?" Wakiniomba niende kuchora kwa mkono wangu nikisema miguu inaniuma. Uongo. Nilichelea siku ikija kujulikana, asitokee mwanamke wa kusema nilimshika mkono kwa hila. Nililinda heshima zao kuliko walivyozilinda wenyewe, na hilo ndilo linalonichoma mpaka leo.

Basi Athmani, ambaye kwao walikwishahamia Amu, akaiona picha ya mkono wangu kwenye simu ya mamake. Akalijua kovu. Akachakura nyumbani kwao akapata picha ya zamani, mimi kijana, nimevikwa kanzu na kofia siku ya Maulidi, nimekunja uso. Akampelekea Zulfa. Na Zulfa alasiri ile akaibandika kundini, pamoja na ujumbe wa sauti yake: "Haya, fungueni macho. Huyu ndiye Bi Salma wenu. Ni dume!"

Ndipo simu yangu ilipokuwa hainyamazi.

"Astaghfirullah! Na mimi nimemtumia miguu yangu!"

"Miguu yako yenye magaga hiyo, nani aitake?" mwingine akamjibu, na hata katika balaa lile wakacheka.

"Mwenzangu, si cha kucheka. Mume wangu akijua ataniacha."

"Kwani alikufanya nini? Si alikufundisha maua ya kiganjani tu?"

"Weye uko upande gani? Atolewe!"

Zulfa akasema, "Kumtoa hakutoshi. Naleta wanaume wamshughulikie."

Hapo, mwanangu, nikapigwa na butwaa ambayo haijanitoka. Nilidhani anatisha tu. Kumbe anafanya. Nikaona majina yanaingia kundini: Athmani. Ndugu zake Zulfa. Vijana wanaokaa barazani mchana kutwa. Kila aliyeingia akamvuta rafiki yake. Na kundi lile lilikuwa la aina ambayo anayeingia leo huona yote yaliyotumwa tangu mwanzo. Ili kumfukuza mtu mmoja aliyemwita mwanamume, Zulfa aliwafungulia wanaume kweli kweli wakaingia katikati ya wanawake waliovua mabuibui! Na hakuna aliyeliona. Wanawake wote wale, wenye akili zao, wakiendelea kunitukana huku wanaume wakipekua picha zao kimya kimya. Nikapiga kelele peke yangu chumbani: "Zulfa, picha! Picha za watu!" Nikataka kuandika. Alikwishanifunga, naweza kusoma tu.

Hazikupita dakika nyingi wakafika mlangoni kwangu, maana Amu kila mtu anakijua chumba cha mwenzake. Uchochoro wetu ni mwembamba, wakaujaza.

"Toka tukuone u nini!"

"Toka weye, umeuaibisha ukoo!" Huyo Athmani. Sauti kama ya babake, ami yangu, kabisa.

Jiwe likaingia dirishani likanipata juu ya jicho. Sikuona tena upande ule, damu tu. Nikaenda nikakaa nyuma ya mlango, mgongo nimeuegemeza, komeo linalia kila wakisukuma. Nikatoa shahada. Nilikuwa nimekimbia mara moja katika maisha yangu, na pa kukimbilia tena sikuwa napo. Chumba kile na jina lile la Salma ndivyo vitu pekee nilivyokuwa navyo duniani, na nilikuwa nasikia vinavunjwa.

Ndipo ikaingia sauti ya Bi Mwanajuma. Huyu ni bibi kizee wa mtaa wa pili, ambaye kila mtu Amu humwamkia kwanza. Alikuwemo kundini tangu siku ya kwanza na hakuwahi kusema kitu, tukadhani hajui kuitumia simu. Nikaisikia kwenye simu yangu. Kisha nikaisikia uchochoroni, kwenye simu ya kijana mmoja, kisha ya mwingine, zikifuatana, maana kila mmoja alitaka kujua kazi yao inasifiwa vipi.

"Zulfa," alisema, taratibu, kama anayehesabu nyuzi. "Yeo umefanya nini? Ukumbi wa wanawake umeufungua mlango ukawaita wanaume, eti mnamtafuta mwanamume. Mjukuu wangu Rukia yumo humo kichwa wazi, na arusi yake iko mbele. Nani aliyemweka mbele ya mato ya mui mzima, Amu yote ikamtazama? Ni Salma? Salma alimwambia akate picha, nimemsikia mimi. Nawe Athmani, wajua nani mwengine yumo? Mamako yumo. Kavaa dera, kaweka miguu kitandani. Hao uliokwenda nao kuvunja mlango wa mtu, waulize walikuwa wakitazama nini ndia nzima ya kuja hapo."

Nje wakaacha kusukuma mlango. Kisha mmoja akauliza, kwa sauti ya chini, "Athmani, yule mwenye dera la kijani ndiye mama?"

"Funga mdomo!"

"Mimi sikutazama, wallahi."

"Hukutazama, na wewe ndiye uliyenionyesha!"

"Na dada yako je? Hukumwona dada yako?"

Wakakamatana mashati. Wakatoka uchochoroni wakisukumana, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kusema, mle ndani kuna mtu anatoka damu.

Bi Mwanajuma alikuja mwenyewe kabla ya magharibi, pamoja na Rukia. Nikafungua. Aliniosha jicho na maji ya uvuguvugu. Halafu akakaa akanitazama.

"Salma, nikwambie kweli? Jambo lako silielewi. Nimelifikiri ndia yote, silielewi."

Nikamwambia, "Sikuombi ulielewe yeo, Bi."

"Lakini nimekusikiliza kundini muda wote huu. Sikusikia kwako neno la kumvunja mtu. Sasa nianze kukuogopa leo, kwa kipi kipya ulichofanya?"

Nililia, mwanangu. Kupigwa nimekuzoea, hili sikuwa nimelizoea.

Rukia akauliza, macho chini, "Nikuite nani?"

"Ulikuwa ukiniita nani?"

"Bi Salma."

"Basi."

Akacheka akajifuta machozi. Akanyoosha mikono yake, viganja juu. "Bi Salma, nichore."

Nikamtazama bibi yake. Mimi sijawahi kumchora mtu kwa mkono wangu. Bi Mwanajuma akavuta mkeka akajilaza ubavu. "Mchore. Mimi nipo hapa, na mwenye la kusema aje aseme nami." Nikamchora, jicho moja limefungwa kitambaa, mpaka maua mengine yakapinda. Rukia akasema hayo ndiyo mazuri zaidi. Mwongo yule.

Usidhani mambo yalikuwa matamu baada ya hapo. Zulfa alilifunga kundi, akaandika kwamba shetani alitupitia. Shetani! Mwenye kubonyeza simu ni yeye, lawama ni ya shetani. Hajanitaka radhi. Athmani tukikutana gatini, zinapofunga mashua, hutema mate. Mamake, mke wa ami yangu, alimtuma mtu kuniuliza kama bado ninayo picha yake ya dera. Habari ya jicho langu hakuuliza, na hadi leo jicho hilo linaona ukungu. Bi Mwanajuma amekufa, Mungu amrehemu, na nilimlilia kama mama.

Rukia ndiye aliyefungua kundi hili mlimo nyinyi. Wako waliokataa kuingia kwa sababu yangu, wana hiari yao. Wako walioingia na maswali, mengine ya adabu, mengine hapana. Mmoja aliniuliza, "Bi Salma, msikitini waingia mlango upi?" Nikamjibu naswali nyumbani kwangu, na Mungu anaijua anwani. Akacheka, nami nikacheka, sasa ni rafiki yangu.

Kwa nini nakuandikia yote haya? Kwa sababu juzi ameingia kundini msichana wa Matondoni anayejiita Nuru. Akasema mwenyewe, kwa ujasiri nisiokuwa nao mimi umri wake, kwamba alizaliwa akaitwa mvulana na yeye ni msichana. Na mmoja wenu, msichana niliyemfundisha kushika kikopo cha piko, akaandika: "Atume picha tumhakikishe." Niliyasoma maneno hayo mara mbili kwa jicho langu zima. Hapa hapa? Baada ya yote?

Basi nisikilize, mwanangu. Mtu akikwambia jina lake, mwite hilo, utakuwa umemaliza nusu ya kazi. Usimdai picha, wala usimuulize kilichomo ndani ya nguo zake. Wewe hukuulizwa ulipoingia. Ukiletewa picha ya zamani ya mtu ili umcheke, ifute, kisha umwambie aliyekuletea kwamba umeifuta. Akifanya ubaya, mwambie ubaya wake kama unavyomwambia mwingine yeyote. Kuwa alivyo si ubaya aliokufanyia. Usingoje umwelewe ndipo uache kumdhuru. Bi Mwanajuma alikufa hajanielewa vizuri, na hakuna aliyenipenda kumshinda. Kuelewa huja polepole, na huja kwa watu waliokaa pamoja.

Na wewe uliyeandika neno lile, sikutaji leo. Lifute, umwamkie Nuru.

Nuru, karibu ndani. Mungu akusitiri katika nti hii tunayoishi na katika simu za watu. Akupe shoga, mwanamke mwenzio wa kweli, wa kukaa nawe, akulinde macho yako yote mawili, na uzeeke ukiitwa jina lako na watu wenye furaha kukuita.