Pikipiki Tatu kwenye Barabara ya Mkongo

Watu husema miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru, ilileta neema, na mimi sibishi. Sukari ilionekana, sabuni ilionekana, na vipuri vya pikipiki vilijaa madukani Kibiti. Lakini mashindano yetu ya pikipiki yalikufa katika miaka hiyo hiyo, na mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka.

Wakati wa uhaba tulikuwa kumi na tano. Siwezi kukosea, kwa sababu tulipangwa kwa mistari ya majivu barabarani, safu tano za watu watatu watatu, pale inapoanzia njia ya Mkongo. Tulikwenda mbio mpaka kwenye pipa lililosimamishwa njiani, tukalizunguka, tukarudi. Gasketi tulikata kwenye maboksi ya viatu. Tairi zilikuwa na viraka juu ya viraka. Zawadi walichanga wenye maduka.

Mimi nilikuwa mpandaji wa kawaida tu. Hodari alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu. Huyo aliitwa kushindana mpaka Mkuranga na Kilwa, na mbio ndizo zilizomlisha. Bati za nyumba ya dada zilitokana na mbio.

Kisha akaja mfadhili. Alikuwa mfanyabiashara aliyefungua duka la vipuri kando ya barabara kuu, na mwaka wa kwanza tulimshangilia wenyewe, maana zawadi yake ilizidi zote tulizopata kuziona. Mwaka wa pili akaleta masharti. Ada ya kuingia. Helmeti. Tairi mpya, tena zilizonunuliwa dukani kwake, zilizopigwa muhuri wa rangi nyekundu.

"Ni kwa usalama wenu," alisema.

Tukabaki tisa. Mwaka uliofuata ada ikapanda, tairi nazo zikapanda, tukabaki sita. Fundi cherehani aliyekuwa akinikimbiza kila mwaka akauza pikipiki yake. Bwana shamba akaja kutazama tu, kasimama na watoto wake, hata salamu akaitikia kwa shida.

Mwaka wa mwisho nilijitoa wiki moja kabla. Bei ya tairi mbili ilinishinda. Nikaenda kumwambia shemeji, nikamkuta uani anafunga pistoni mpya, inang'aa.

"Hii umeipata wapi?" nikamuuliza.

"Nimeuza mikorosho."

"Yote?"

"Yote, shemeji. Nikishinda nitanunua shamba jingine. Dada yako anajua."

Dada alikuwa jikoni. Hakutoka. Alisema kutoka humo humo, "Najua, ndiyo. Kujua si kukubali."

Siku ya Idi pili watu walijaa pande zote mbili za barabara. Waliokuja kushindana walikuwa watatu, pamoja na shemeji. Mfadhili akawatazama, akatazama saa yake, akashika kipaza sauti. Akasema kwamba chini ya washindani wanne hakuna zawadi.

Sharti hilo hatukuwa tumelisikia hata siku moja. Shemeji alikuwa amekwisha kuvaa helmeti, akaivua taratibu, kama mtu ambaye hakusikia vizuri.

Mimi sikungoja. Nilikimbia nyumbani, nikatoa pikipiki yangu, nikarudi nayo nikiwa bado na kanzu ya sikukuu.

"Wa nne huyu hapa!" nikamwambia.

Mfadhili aliinama, akazitazama tairi zangu. "Hazina muhuri."

"Zina meno. Mimi ndiye nitakayeanguka, si wewe."

"Masharti ni masharti, ndugu yangu."

"Undugu wetu umeanza lini? Ulipomaliza kutunyonya?"

Nilikuwa nimekwisha kumshika ukosi wa shati. Shemeji ndiye aliyenitoa mikono, kidole kimoja kimoja. "Mwache," akasema. Halafu akawageukia wenzake wawili. "Watu wamekuja kutazama mbio. Twendeni."

Tukaenda, wanne, bila zawadi. Niliikunja kanzu kiunoni nikala vumbi la shemeji njia nzima. Kwenye ule mchanga mwingi, ambako sisi tulishusha miguu kama bata, yeye alipita kasimama juu ya vikanyagio. Aliporudi watu walimbeba juu juu wakiimba. Mfadhili alikuwa ameondoka na kipaza sauti chake, na ada za watu hakurudisha.

Mashindano hayakufanyika tena. Baada ya muda wakaja wanunuzi binafsi, bei ya korosho ikapanda, na msimu wa mavuno shemeji akawa anaokota korosho kwa kibarua chini ya mikorosho aliyoipanda mwenyewe. Dada hakumsimanga hata mara moja. Mimi, nilipomwona ameinama vile, nilitamani dada anisimange mimi.

Siku moja nilimfuata huko huko shambani, nikamwambia lililokuwa likinila: kwamba ningekopa, ningenunua zile tairi mbili, tungetimia wanne mapema na leo shamba lingekuwa lake.

Hakuacha kuokota. "Ungekuja wewe, angesema watano," akasema.

Nikavuta kikapu, nikainama kumsaidia. Hasira haikupungua.