Palizi Kabla ya Mbegu

Mwenye ghala na mdogo wake walirithi mashamba sawasawa, yaliyopimwa kwa hatua za miguu. Ukame ulipobana, mdogo mtu akawapikia watoto mpaka mbegu, kisha akaja kwa dada yake.

"Dada, nigaie debe moja nipande."

"Si umezitafuna mwenyewe! Nipalilie kwanza, ndipo nikugaie."

Akapalilia siku sita, mvua za kupandia zikampita. Msimu uliofuata akaja na jembe bila kuitwa, wanawe nyuma.

Miaka ishirini sasa. Mwenye ghala humvuta mkono aingie ndani wale pamoja, naye hukaa barazani na vibarua wenzake.

"Hapa panatutosha, bosi," husema, wala hatanii.

Mwenye ghala hula peke yake, akijutia ulimi wake: ndugu alikuja kuomba mbegu, yeye akampa kazi.