Tarumbeta Lililomtoa Bibi Harusi Saluni

Vigelegele nilivisikia kabla sijaona kitu, maana nilikuwa nimefumba macho na tarumbeta mdomoni, na nakiri mapema ili mnicheke mara moja yaishe: siku ile Kariakoo nilimtoa bibi harusi wa watu saluni akiwa amepambwa nusu uso.

Nilikuwa natafuta tarumbeta langu mwenyewe. Jumamosi bendi moja ya harusi ya Magomeni ilikuwa inisikilize kama nafaa kuingia, na kiongozi wao alishaniambia pumzi ninayo ila sauti yangu haina mtu ndani (nililia, sifichi). Kaka Rashidi, anayeuza vyombo vya muziki ghorofa ya pili, akaniwekea mawili mezani, moja jipya linameta, lingine limechujuka kama sufuria ya mama ntilie. Ndani ya duka yote mawili yalilia sawasawa.

"Toka koridoni, mdogo wangu," akasema, "hewa haina unafiki."

Nikatoka kwenye korido iliyo wazi juu ya mtaa, na ningepiga nini kama si ule wimbo ambao matarumbeta hupiga yakija kumchukua bibi harusi? La kwanza likatoa sauti kali, safi, na machinga kule chini hawakuacha hata kunadi. Nikachukua lile lililochujuka. Jamani! Sauti ilitoka nzito, yenye joto, ikapita juu ya marobota ya vitenge na miavuli ya wauzaji, na mtaa ule usiojua kunyamaza ukanyamaza. Malaika ya mikononi yakanisimama, nikafumba macho, nikaendelea, ndipo vigelegele.

Nilipofumbua, wanawake chini walikuwa wameinua nyuso, na katikati ya korido, mbele ya mlango wa saluni ambao sikuuona (ulizibwa na mazulia yaliyoning'inizwa kuuzwa), alisimama dada mwenye shela kichwani na kandambili miguuni, jicho moja linawaka kama kito, la pili kama alivyoamka.

"Wameshakuja?" akauliza. "Mbona mapema?"

"Dada, samahani, mimi najaribu tu."

"Bibi harusi, jicho la pili umemwachia nani?" mtu akapaza sauti kutoka chini, mtaa ukaangua kicheko, nami nikatamani ardhi inimeze, na bahati mbaya nilikuwa ghorofani.

"Hebu ondoka na bati lako!" akafoka msusi kutoka mlangoni.

Lakini yule dada alikuwa ananitazama. "La kwanza nililisikia nikajua mtu anajaribu, nikatulia kwenye kiti. Hili la pili, nilijikuta nimesimama." Akaweka shela vizuri. "Sasa nirudishe. Hunitoi kwa tarumbeta halafu nirudi kimya kama niliyekataliwa."

Nikapuliza, ikatoka kwikwi (wakacheka tena), nikalamba midomo, nikaanza upya polepole, na safari hii hakuna aliyecheka. Alitembea na kandambili zake kama anakanyaga hariri, vigelegele vikapanda, machozi yakanitoka kwa kujua tarumbeta langu ni lipi, huku naapa kwamba wimbo ule sitaujaribu tena popote kabla sijauliza kila mlango una nani. Akaingia bila kugeuka, msusi akanisonya, na mlango ukafungwa nyuma yake.