Hodi ya Kila Jumatatu

Jamani, ile "kompyuta mbovu" yetu leo nimekutana nayo. Imevaa kitenge, na ina mtoto.

Mnakumbuka nilivyojigamba humu jukwaani kwamba nafanya utafiti wa mambo yanayojirudia mtandaoni?
Na ule ujumbe wa kila Jumatatu, "Hodi humu ndani", usio na jina?
Nikasema ni kompyuta imeharibika, inajituma yenyewe. Mkacheka. Nami nikafurahi mlivyocheka.

Basi leo niko dukani kwa Bwana Karim, hapa Kahama, nasubiri laini ya simu ishike niingie mtandaoni.
Akaingia mama mmoja wa Nyahanga.
"Shikamoo, mama."
"Marahaba, mwanangu."
Akamgeukia Karim: "Niandikie kama siku zote. Hodi humu ndani."

Nikamsogelea.

Nikamuuliza, mama, mbona kila wiki ni hodi tu?
"Sijaitikiwa, mwanangu. Nitaingiaje kwa watu na shida yangu kabla hawajanikaribisha?"

Shida yenyewe ni mwanawe, Masanja. Alikwenda machimboni Geita, na tangu pamba ivunwe hajasikika. Mama kaambiwa humu kuna watu wa Geita na Katoro.

Na mimi nilikuwa humu ndani muda wote. Nasikia hodi, nahesabu.

Sikuthubutu kumwambia ni mimi. (Karim hakuwahi kumsomea vicheko vyetu. Mungu ambariki.)

Mama Masanja, karibu. Karibu ndani.

Nanyi wa Geita na Katoro, leo msinijibu mimi. Jumatatu ijayo Karim atamsomea mtakachoandika.