Gogo la Mwembe Kambini

Mimi ni dobi katika kambi ya wakimbizi Wapolandi hapa Kisauni, na tangu Jumapili napita nyuma ya mabanda ili nisionekane.

Kuna mzee mmoja kambini, seremala wa huko kwao kabla vita havijamfukuza. Nilimwona akichonga gogo la mwembe. Kilianza kutokeza kichwa cha mwanamke, kisha mabega, kisha furushi mgongoni. Nikawa kila nikipita nasimama kutazama. Kwetu Wagiriama, mti ukichongwa umbo la mtu huwa ni kigango cha kumkumbuka marehemu.

"Mzee, huyu ni nani?" nikamuuliza.

Kiswahili chake ni cha kuokoteza. "Mke wangu," akasema. "Natoka nyumbani. Hapana rudi tena."

Huruma ikanijaa. Jumapili nikaja na kaka zangu, tumechukua kuku na kibuyu cha tembo. Tukaketi mbele ya sanamu, kaka mkubwa akamwaga tembo kidogo chini, nami nikamshika mzee mkono.

"Pole sana, mzee. Mungu amlaze mama mahali pema."

Mzee akageuka akaita mlangoni mwa banda lake. Akatoka yule mama anayenipa mashuka ya kufua kila wiki, ambaye siku zote nilimdhani dada yake. Uso ulikuwa ule ule wa kwenye mti. Akamtazama kuku, akatazama tembo mchangani, kisha akaniuliza kwa upole:

"Nani kufa?"